Kodiani ya Bi. Mwamini

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, simu zimeshajaa mifukoni na kila mtu kawa mpiga picha, palikuwa na mwanamke mmoja Tabora aitwaye Nyamizi, muuza asali. Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana kesi hii naiweka mikononi mwenu na sitaki kuulizwa baadaye nani alikuwa nani.

Nyamizi alizaliwa mzima, homa ya utotoni ikamwachia mguu mmoja mfupi. Akitembea unamsikia kabla hujamwona: ta-ta, taa. Ta-ta, taa. Alipokuwa mdogo, watoto wa mtaa wa Ng'ambo walimfuata nyuma wakipiga makofi kufuata hatua zake. Alipokuwa mtu mzima, na meza yake ya asali na nta pale sokoni, na vijana wakimpa shikamoo, bado walikuwepo waliomwiga akishawapa mgongo. Nyamizi alijua. Hakugombana na mtu. Alichokitaka kilikuwa kimoja, na hakuwahi kukisema hata kwa dada zake: kwamba siku moja, kabla hajafa, watu wautazame mwendo wake wasicheke, na wajue kuwa ni wake. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa, Nyamizi alipokuwa binti wa miaka kumi na mbili, mtaa huohuo aliishi Bi. Mwamini binti Kilonda, mtunzi wa taarabu. Mmanyema, mfupi, mweusi tii, mjane wa fundi wa reli. Naye alikuwa na mguu mfupi, kiatu chake kimepigiwa kipande cha chuma cha reli chini ya soli. Bi. Mwamini alitunga akitembea. Kutoka nyumbani mpaka stesheni, ta, taa-ta, ta, taa-ta, akifika stesheni ubeti umekamilika. Akirudi anaketi, anachukua kodiani yake, kile kinanda cha kuvuta na kubana, anautafutia sauti. Wapiga ngoma wake hawakuhesabu chochote. Walitazama mguu wake chini ya kiti, wakaufuata.

Na yeye hakuna aliyethubutu kumcheka. Ukimcheka Ijumaa, Jumamosi unaimbwa harusini mbele ya wakwe zako. Hakukutaja jina, la, hakuwa mshamba. Lakini ukumbi mzima ungegeuka kukutazama, na wewe ungepata ghafla kazi ya kufunga kamba za viatu. Redio walikuja mara mbili kumrekodi, akawafukuza mara mbili. Alisema kijembe ni cha kumrushia mtu aliye mbele yako, na kikishafungiwa ndani ya kaseti hakiumi tena. Basi alipokufa, nyimbo zake zikabaki midomoni mwa watu, na midomo ya watu mnaijua.

Alimwachia mwanawe, Mzee Idi, sanduku lenye ile kodiani, na wasia. Isiuzwe, isiazimwe. Apewe mtu atakayemsimamisha tena mbele za watu, wakamwona kama alivyokuwa. Mzee Idi alifunga sanduku, akavaa ufunguo shingoni, akangoja. Alingoja miaka thelathini na kitu. Panya hawakungoja.

Siku moja yakaingia magari matatu kutoka Dar es Salaam. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akashuka mwongozaji wa filamu, Bwana Festo Kilangi, kofia kaigeuza nyuma mbele, akatangaza kuwa atatengeneza filamu ya maisha ya Bi. Mwamini, na kwamba hiyo itakuwa filamu ya uwakilishi. Neno hilo alilipenda kupita kiasi. Hata akiagiza supu alihakikisha bakuli lina uwakilishi wa utumbo.

Alikuwa na sababu. Wafadhili wake, watu wa Ulaya wasioijua Tabora wala kodiani, walimtumia fomu yenye visanduku vya kuweka alama ya vema. Je, mhusika mkuu ataigizwa na mwanamke mwenye ulemavu? Je, wazee wamo? Je, watu wa mikoani wamo? Je, dini zimo zaidi ya moja? Je, ngozi nyeusi ya Mwafrika imepewa heshima yake? Visanduku vitano, mhusika mkuu mmoja. Na huyo mmoja, Bwana Festo alishamwahidi Shemsa, nyota wa tamthilia, ambaye hakuwa mzee, hakuwa na ulemavu, na hakuwahi kuvuka Morogoro kwa hiari yake.

Kamati yake ya filamu ikakaa. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kukaa na kamati hii. Siku tatu walikula kuku na kukuna vichwa. Siku ya nne Bwana Festo akagonga meza. Kwani kamera humwona mtu mzima mzima? Kamera huona kipande. Basi sura apewe huyu, sauti yule, mikono mwingine, miguu mwingine. Bi. Mwamini mmoja, wanawake wanne, visanduku vyote vimejaa. Kamati ikapiga makofi kwa vidole vyenye mafuta. Fomu ikajazwa siku hiyohiyo, na pale penye kisanduku cha kwanza wakaandika: ndiyo, kuanzia magotini kushuka chini.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ngojeni muwaone hao wanne.

Sura ilikuwa ya Shemsa. Huyu Shemsa alizaliwa mweusi kama mimi na wewe, akahangaika miaka kumi na mkorogo mpaka akawa na rangi ya maandazi. Sasa kila asubuhi alikalishwa kitini saa mbili nzima, akirudishiwa kwa brashi weusi alioukimbia. Ngozi ikagoma. Ikamtoka malengelenge shavuni, akapakwa juu ya malengelenge, akaenda kazini. Hakutegea. Alihamia kwa Mzee Idi majuma matatu, akamfulia, akampikia, akamuuliza mama yako alikuwa anagombaje, anachekaje, akikasirika anashika wapi. Mzee Idi alisema hajapata kuona binti wa mjini mwenye adabu ya kuuliza hivyo.

Sauti ilikuwa ya Bi. Chausiku, miaka sabini na tisa, meno manne. Yeye ndiye peke yake aliyebaki anazijua nyimbo zote, neno kwa neno. Na mnajua kwa nini? Kwa sababu alikuwa hasimu wa Bi. Mwamini. Enzi za ujana wao alijificha nje ya dirisha, akasikiliza Bi. Mwamini akitunga, akaenda kuziimba klabu nyingine kama zake. Bi. Mwamini hakumfuata nyumbani kwake. Alimtungia, na wimbo huo ndio uliopendwa kuliko zote:

*Sauti uliazima, umesahau mwenyewe,*
*Jukwaa ukilihama, utaitwa nani wewe?*

Miaka hamsini imepita, mpigaji amekufa, watazamaji wamesahau, aliyepigwa anakumbuka kila herufi. Waigizaji walipomwomba auimbe, Bi. Chausiku aliomba maji, akaimba mpaka mwisho bila kuruka hata jina la mtaa wake lililotajwa ndani yake. Mwanamke aliyetukanwa alisimama akautunza mdomoni mwake ule ule wimbo uliomtukana. Nyinyi semeni mnavyotaka, mimi nilimvulia kofia.

Mikono ilikuwa ya Sista Epifania, mtawa. Ndiyo, mtawa, katika filamu ya taarabu. Mkoa mzima hakupatikana mwanamke mwingine anayejua kodiani, na yeye alikuwa akiipigia kwaya ya jimbo kwa miaka ishirini. Mama Mkuu wake alikubali kwa masharti mawili: sura isionekane, na pete ya nadhiri isivuliwe. Pete ina msalaba. Kwa hiyo mkitazama vizuri, Bi. Mwamini, mtoto wa mwalimu wa madrasa, anapiga taarabu kavaa msalaba kidoleni. Kamati ilipoambiwa ikafurahi, maana kisanduku cha dini kilijaa kwa mkono mmoja. Lakini kazi, Sista aliifanya. Mzee Idi alimfungulia lile sanduku kwa sharti apigie mbele ya macho yake, naye Sista akakuta mfuko wa kodiani umetobolewa na panya kama chujio. Akaushona kwa ngozi ya mbuzi, akaziba kwa nta, akakaa na Bi. Chausiku mchana kutwa akizitafuta sauti moja moja kutoka kwenye kinywa chenye meno manne. Vidole vilichubuka. Kinanda kilichonyamaza miaka thelathini kikapumua.

Nta aliinunua kwa Nyamizi. Na hapo ndipo Sista alipomwona anainuka kwenda kuileta, akamtazama miguu, akaenda kumwambia Bwana Festo.

Basi miguu ikawa ya Nyamizi.

Bwana Festo alimwambia kazi yake ni rahisi mno, atembee tu. Nyamizi akatembea, ta-ta, taa. Mzee Idi, aliyekuwa ameketi pembeni, akatikisa kichwa. Akasema huo ni mwendo wa Nyamizi, si wa mama. Bwana Festo akasema mguu mfupi ni mguu mfupi. Nyamizi alikuwa amemsikia Bi. Mwamini akipita dirishani kwao kila siku ya utoto wake, na alijua kuwa mzee ana haki. Akaenda kwa fundi, akapigiwa chuma chini ya kiatu. Akajifunza upya. Mtu aliyechechemea maisha yake yote, akajifunza kuchechemea! Ta, taa-ta. Ta, taa-ta. Ilibidi aukunje mguu pale alipozoea kuunyoosha, na auburute pale alipozoea kuunyanyua. Goti likavimba kama boga. Siku ya kumi akapita mbele ya Mzee Idi, na mzee akainuka kitini bila kujijua, kama mtu anayempisha mama yake.

Filamu ikakamilika, ikaonyeshwa Dar es Salaam kwanza, kama ilivyo ada. Mwisho wa filamu majina yakapanda. Shemsa, herufi kubwa. Bi. Chausiku, chini kabisa, sauti za ziada. Sista Epifania aliomba mwenyewe asitajwe, hakutajwa. Nyamizi alikuwa kwenye mstari uliosema shukrani kwa wakazi wa Tabora, baada ya waliokopesha viti. Mtu mmoja wa kamati aliuliza kwa nini yule mama asiwekwe pamoja na waigizaji. Bwana Festo akasema, kimsingi yule haigizi, anatembea. Ajabu ya Bwana Festo ni kwamba Shemsa kazi yake ilikuwa kuongea, na sikuwahi kumsikia akisema kimsingi yule haigizi, anaongea.

Vipande vya filamu vikaanza kuzunguka kwenye simu, na kipande kilichozunguka kuliko vyote kilikuwa cha Bi. Mwamini akitembea kwenda stesheni na wimbo ukijitunga. Wasichana wakakipenda. Wakaanza kutembea hivyo. Kariakoo walitembea hivyo, Mwanza walitembea hivyo, na mwisho Tabora yenyewe, sokoni, mbele ya meza ya asali, wasichana wanapita ta, taa-ta, wanajirekodi. Wakauita mwendo wa Shemsa.

Siku moja Nyamizi alikuwa anarudi nyumbani, goti limemchosha, na kwa mazoea ya kazi mguu ukaangukia mwendo wa Bi. Mwamini. Binti mmoja mwenye simu akamtazama, akamsogelea kwa upole kabisa. Akamwambia, "Shangazi, umejitahidi. Ila Shemsa huwa anauvuta kidogo zaidi mwishoni. Tazama." Na akamwonyesha miguu yake mwenyewe kwenye kioo cha simu.

Nyamizi alishukuru. Alifika nyumbani, akafunga mlango, akalia mpaka kanga ikalowa. Katika maisha yake yote watu waliucheka mwendo wake na wakajua ni wa nani. Sasa waliupenda, na umekuwa wa mwingine.

Haya. Filamu ikaletwa Tabora, ikaonyeshwa ukumbi wa jamii baada ya alasiri, mapazia yamefungwa, watu wamejaa mpaka madirishani. Walitazama. Wazee waliomjua Bi. Mwamini walilia wazi wazi. Taa zilipowashwa, Mzee Idi alisimama mbele na sanduku miguuni, akauvua ufunguo shingoni, na watu wakaona alama nyeupe mahali uzi ulipokuwa umekaa miaka yote.

"Mama yangu nimemwona," akasema. "Wasia umetimia. Aliyemsimamisha na aje achukue."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Bwana Festo. Alisema ataipokea yeye kwa niaba ya makundi yote, na ataiweka ofisini kwake mahali penye mwanga. Mzee Idi akamwambia, "Wewe mwanangu ulimkata vipande. Tunamtafuta aliyemsimamisha." Ukumbi ukacheka, Bwana Festo akarudi kuketi na kuigeuza kofia yake upande wa kawaida.

Ndipo wakainuka wanne. Na hapa ndipo penye kesi yangu, kwa hiyo wale wanaosinzia waamshwe.

Shemsa alisema kwanza. Alisema bila jina lake filamu isingetazamwa na mtu zaidi ya panya, na hilo ni kweli. Halafu akafuta rangi ya mdomo kwa kiganja, akasema lile lililomtoka moyoni. "Siku ya kwanza waliponipaka, nilitazama kioo nikamwona mama yangu mzazi. Nilikuwa sijamwona tangu tumzike, maana sura yake nilikuwa nayo mimi na nilikuwa naichubua. Lile chozi mlilolililia hapa sikuliigiza." Hapo sauti ikatoka dirishani kwamba basi akachukue kioo, kodiani ya nini.

Bi. Chausiku alisema kwa kuketi, maana miguu haikumtosha. Alisema, "Niliiba, ndiyo. Nani hapa hajui? Lakini wenye haki walizisahau na mwizi akazitunza. Wimbo mlioimba wote leo ulinichoma mimi, nikauhifadhi kwenye kidonda miaka hamsini. Mnataka kumpa mwingine?" Kikongwe mwenzake akamjibu kuwa Bi. Mwamini atageuka kaburini akisikia kinanda chake kimelala chini ya kitanda cha Chausiku. Bi. Chausiku akasema ageuke, angalau atajua kuna mtu bado anamfikiria.

Sista Epifania aliona haya, akawa anaizungusha pete yake. Alisema hana haja ya kutajwa wala kuonekana, na hawezi kumiliki kitu, kodiani itakuwa ya nyumba ya watawa. Lakini alisema, "Kilikuwa kinanda kilichokufa. Nyie wengine mtakiweka kabatini mkikitazama. Mimi nitakipiga mpaka mkono ukome." Mtu akamuuliza atapiga nini. Akajibu kwa ukweli, nyimbo za kanisa. Wamanyema wa mbele wakaguna, na shehe mmoja akaangalia dari.

Nyamizi alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alianza kuja mbele, na hakuja kwa mwendo wake. Alikuja kwa ule mwingine, goti likimuuma kila hatua, ta, taa-ta, ta, taa-ta, na sakafu ya ukumbi ni saruji, kila mtu alisikia. Wasichana wakaanza kupiga makofi kufuata hatua, kama walivyozoea kwenye simu. Yule binti wa simu akanong'ona kuwa shangazi sasa amepatia kweli. Nyamizi alifika mbele, akasimama, makofi yakakoma.

"Mimi sijui kuipiga," akasema. "Nikipewa nitaiweka mezani pale sokoni, karibu na asali, na mtu akiuliza nitasema nilipewa kwa ajili ya miguu yangu. Basi. Mlinicheka bure miaka arobaini, nikawasamehe. Lakini wimbo wa Bi. Mwamini ulitoka mguuni, Mzee Idi unajua. Na mguu ule mlioulilia leo si wa Shemsa. Ni huu."

Akaupandisha kidogo upindo wa gauni. Goti lilikuwa bado limevimba. Shemsa mwenyewe alitazama chini, na nasema hili kwa heshima yake, kwa sababu aliona aibu iliyokuwa ya Bwana Festo. Lakini mzee mmoja wa stesheni akasema kwa sauti kwamba mguu ni kazi ya Mungu, na tangu lini mtu akapewa zawadi kwa homa ya utotoni. Nyamizi alikunjua upindo wake.

Mzee Idi akasema basi wamsimamishe mama yake palepale, bila kamera, ili ajue. Akaleta kiti. Shemsa akaketi, akakaza taya namna ile ya Bi. Mwamini, na mzee akashika moyo. Sista akajificha nyuma ya kiti, mikono tu ikichomoza na kodiani mbele. Bi. Chausiku akafungua kinywa. Wimbo ukaanza, na ukaanza kwa kwenda mrama, unakimbia, unasimama, kila mtu kivyake, mpaka Nyamizi alipoanza kutembea nyuma yao. Ta, taa-ta. Wimbo ukakaa sawa. Naapa, kwa muda wa beti mbili Bi. Mwamini alikuwa ukumbini.

Mzee Idi akataka kuhakikisha. Akamwambia Nyamizi asimame, na wimbo ukaanza kukimbia tena. Akamwambia Nyamizi atembee, Sista aache, ikabaki sauti ya kikongwe na kelele za kiatu. Akamwambia Sista apige, Bi. Chausiku anyamaze, na watu wakabaki wanangoja kijembe kisichokuja. Akamwambia Bi. Chausiku aimbe, Shemsa atoke kitini. Watu wakaona kiti kitupu, mtawa, ajuza na muuza asali, na Bi. Mwamini hayupo.

Bwana Festo hakuweza kujizuia. Akainuka kupendekeza kwamba kodiani ikatwe vipande vinne, kila kundi lipate uwakilishi wake, na akaomba msumeno. Iko kesi ya kale mnaijua, ya mfalme na upanga, ambapo aliyepiga ukelele ndiye aliyekuwa mama wa kweli. Hapa walipiga ukelele wote wanne, kwa pamoja, Sista akiwashinda kwa sauti. Kwa hiyo hata hila hiyo ya kale haikutusaidia kitu.

Mzee Idi akalifunga sanduku, akauvaa ufunguo wake, akaenda nyumbani. Alisema atafikiri. Anafikiri mpaka leo, na juzi alikiri kwangu kuwa usiku anasikia panya wakikwaruza upande ule ngozi ya mbuzi iliposhonwa. Naye si kijana.

Nyamizi anapita mlangoni kwake kila asubuhi na ndoo ya asali, ta-ta, taa. Mzee Idi hutoka akasimama kizingitini, kidole juu ya ufunguo. Na kila akifika pale alipo, Nyamizi huubadilisha mwendo, hatua tano sita tu, ta, taa-ta, akiuma meno kwa maumivu, halafu huurudia wake. Wasichana walioko bombani humwona. Husema mtazameni mama wa watu, na umri wake wote ule, anamwiga Shemsa.

Mimi yangu nimemaliza. Ufunguo huo, chukueni. Msiniambie wagawane, hilo lilishasemwa na mwenye msumeno. Msiniambie waipokezane mwezi kwa mwezi, kwa sababu Bi. Mwamini alisema mtu, hakusema kamati. Sura iliyowarudisha mama wawili kwa mpigo mmoja, sauti iliyoyatunza matusi yake yenyewe, mikono iliyomfufua mfu kwa ngozi ya mbuzi, au miguu iliyojifunza upya kuumia: je, kodiani ya Bi. Mwamini, nani alistahili?